Zamu ya Mlangoni

Familia niliyoolewa haichezi karata. Inaua majoka.

Kila Jumamosi mchana baba mkwe wangu hushusha mlango wa chuma wa duka lake la uchapaji na kuizima mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa tangu asubuhi. Kompyuta nne zilizoshinda wiki nzima zikiandika kadi za mialiko na barua za kuomba kazi hugeuka mapango na misitu. Baba ni mpiga upinde. Binti yake, yaani wifi yangu, ni mchawi wa barafu. Mume wangu ni askari wa ngao. Kiti cha nne, kile kinachoyumba kando ya mashine ya kukatia karatasi, nilikikuta kitupu.

Nilikuja na mhusika wangu wa mchezoni, tabibu. Nilimlea peke yangu tangu chuoni, jani kwa jani, dawa kwa dawa. Mchezo ule hauna huruma: ukifa umekufa. Unarudishwa kijijini na shuka moja na fimbo, daraja la kwanza, na kila ulichokipata kimepotea. Tabibu wangu hakuwahi kufa. Na hakuna aliyesafiri naye akafia mikononi mwake. Hilo nililijali kuliko dhahabu zote za mchezo.

Jumamosi moja tulikuwa tunaliendea Joka la Shaba.

"Mkwe, kazi yako nyepesi," Baba aliniambia akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Tukifika pangoni, wewe simama kizingitini. Usiingie, usitoke. Simama tu."

"Kama sanamu la duka la nguo," wifi akadakia. "Si unalo umbo, wifi? Litumie."

Tulipokuwa tunapanda mlima wakaanza kugawana nyara kabla ya vita, kwa sauti, kama watu wanaogawana keki. Moyo wa joka wa wifi. Magamba ya mume wangu, atengenezee ngao mpya. Taji la Baba.

"Na mimi je?" nikauliza.

Mume wangu akainama chini ya meza kukaza waya ambao haukuwa umelegea.

"Jamani, nimeuliza swali, sijatega bomu."

Wifi akashindwa kujizuia, akacheka. "Mwambieni tu. Kwani atakufa?" Akajiziba mdomo. "Yaani, atakufa. Lakini mle ndani ya mchezo."

Nikaambiwa basi. Mlango wa pango hujifunga wenyewe, isipokuwa mtu akisimama kizingitini. Joka humrukia huyo aliyesimama, likachomoza shingo, mabega yakakwama kwenye mawe. Hapo wengine hulipiga kutoka pembeni, ambako moto wake haupindi. Joka hufa. Wa kizingitini huokwa kwanza. Na wa kizingitini siku zote alikuwa mgeni. Binamu aliyekalia kiti changu kabla yangu alisimamishwa pale, naye hakurudi tena kucheza.

Nikamgeukia mume wangu. "Ulijua?"

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Baada ya mazishi?"

Baba akarudisha miwani puani. Sauti yake ilikuwa ile ile anayowatulizia wateja kadi zikitoka na picha ya watu wengine. "Mwanangu, usilichukulie hivyo. Mchezo haujakataza. Joka linaruka, linatema moto, lina uhai wa watu mia. Nani amelilalamikia joka kuhusu haki? Sisi tunatumia akili tu. Halafu wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Jembe ningelipokea, Baba. Mmenipa jeneza."

Wifi akapiga meza. "Hiyo kali!"

"Joka lifanyieni hila mnazotaka," nikaendelea. "Limetengenezwa na mafundi, halina mama wa kulililia. Libaneni mlangoni, lipakeni gundi, mimi nitawashikia kopo. Lakini wa kizingitini ni mwenzenu. Amekuja kwa sababu mmemwita. Mnamwambia simama hapa ni salama, huku mmeshagawana nyara bila jina lake? Hiyo siiti akili."

Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kutokea. Sikuwa natishia. Ningekibonyeza, nikaenda zangu nyumbani kukunja nguo, na tabibu wangu akiwa mzima.

"Au tufanye hivi. Mlango hautaki mtu afe. Unataka mtu asimame. Basi tusimame kwa zamu. Baba aanze. Akiungua, mume wangu ampokee, Baba aje nyuma nimtibu. Nami nitasimama, na wifi atanipokea."

Miaka yote hiyo hawakuwahi kulifikiria. Mgeni alikuwa rahisi zaidi.

"Zamu yako ikifika, nani atakutibu wewe?" mume wangu akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza la maana mchana ule.

"Hakuna. Tabibu hajitibu huku anaungua. Ndiyo maana zamu yangu itakuwa fupi, na ndiyo maana wifi atakuja kwa wakati."

Wifi akanitazama. "Unaniamini mimi?"

"Nakuamini kama ninavyoiamini printa ya hapa dukani. Nasali kwanza, halafu nabonyeza."

Safari hii walicheka wote, hata Baba. Tukafika pangoni, tukaanza.

Baba alisimama kizingitini kwa kulalamika, akapigwa moto kwa kulalamika, akatoka akiwa mwekundu pyu. Nikamfunika kwa majani mpaka akawa kijani. Mume wangu alisimama kimya nyuma ya ngao yake na kukaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, hadi ngao ikayeyuka. Joka lilikuwa limekwama mabegani, likinguruma, mishale na barafu vikilila upande mmoja na mwingine. Lilikuwa limebakiza kipande kidogo tu cha uhai.

Zamu yangu.

Nikaingia, mume wangu akatoka. Uhai wake ulikuwa uzi, lakini sikuweza kumtibu. Mikono ya tabibu wangu ilikuwa imeinuliwa kuzuia moto. Pumzi ya kwanza ikala nusu ya uhai wangu. Ya pili ikala robo.

"Wifi, njoo!"

"Subiri!" Baba akapiga kelele. "Binti, usisogee! Limebakiza mishale miwili mitatu tu! Mkibadilishana litachomoka!"

Nilimwona wifi kwa pembe ya jicho. Mikono yake ilikuwa hewani, juu ya kibodi. Haikubonyeza chochote. Alikuwa anatazama uhai wa joka, anatazama wangu, na hesabu aliyokuwa akiipiga niliisoma usoni kwake. Joka likavuta pumzi ya tatu.

Askari mmoja asiye na ngao akapita mbele yangu na kunisukuma kwa bega nje ya kizingiti.

Haikuwa zamu ya mume wangu. Tayari alikuwa ameshaungua. Nilibonyeza dawa kwa nguvu hadi meza ikatikisika, lakini moto ulifika kabla ya majani. Skrini yake ikawa ya kijivu.

"Kaka!" wifi akalia, na sasa ndipo vidole vyake vilipokumbuka kazi. Akaruka kizingitini huku akilitukana joka, matusi ambayo Baba alijifanya hakuyasikia. Nikamtibu mfululizo, hakupungua hata tone. Mishale ya Baba ikamaliza. Joka la Shaba likalaza kichwa chini.

Hakuna aliyeshangilia. Mashine ya fotokopi ilikuwa inapoa nyuma yetu, ikitoa mlio mdogo wa chuma.

"Ulisema nisubiri," wifi akasema bila kumtazama Baba.

"Nilisema," Baba akajibu. Halafu akaliokota taji na kuliweka mbele ya miguu ya tabibu wangu, akavua miwani na kuifuta upya, ingawa haikuwa na vumbi.

Kwenye skrini ya mume wangu kijana mwembamba alisimama katikati ya kijiji, na shuka na fimbo, akiulizwa na mchezo anataka kuwa nani.

"Chagua askari tena," Baba alimwambia kwa upole. "Tutakuvusha madaraja haraka."

Mume wangu akaupitisha mshale wa kipanya juu ya askari, juu ya mpiga upinde, akausimamisha.

"Tabibu anaanzia wapi?" akaniuliza.

"Kwa kuchuma majani. Kazi ya kuchosha, haina sifa, na sungura wa huko wanauma."

"Wanauma kweli?"

"Chagua uone."

Akachagua. Nikamgeuza tabibu wangu, nikaanza kuushuka mlima kumfuata. Nilipofika bondeni nilimkuta porini akizunguka kichaka, sungura amemng'ang'ania mguuni, uhai wake ukipungua kidogo kidogo.

"Mke wangu, dawa!"

Nilikuwa na dawa mkononi. Lakini nilimwacha arukeruke kidogo kwanza.