Noti ya Velka kwa Kinyozi

Mume wangu, Lumir Hrdlicka, amekuwa kinyozi hapa Velka, Nebraska, miaka arobaini na mmoja. Muda wote huo noti kuukuu ya dola kumi ilikuwa imebanwa kwa pini juu ya kioo chake. Ilitolewa na benki ya mji wetu, enzi zile benki za miji midogo zilipotoa noti zenye majina yao. Benki yenyewe ilikufa kabla hatujazaliwa.

Jumanne moja akaingia msafiri, Prentiss Oakley wa Wichita. Mimi nilikuwa nafagia. Lumir alishamaliza upande mmoja wa kichwa, wakiongea habari za mahindi, mgeni alipoinua macho, akaiona ile noti, akasimama na kitambaa shingoni.

"Mzee, hii umeipata wapi?"

"Kaa, nitakukata sikio."

"Likate tu. Umeipata wapi?"

"Aliiweka marehemu baba."

Oakley akaanza kueleza, maneno yakigongana. Noti hizi, alisema, bei yake inategemea zimebaki ngapi za benki husika. Wakusanyaji wana orodha, na kwa benki ya Velka wameandika sifuri. "Naitafuta mwaka wa kumi na tisa huu. Nakupa dola elfu nane sasa hivi."

Mkasi ukamponyoka Lumir. "Lakini ina tundu la pini," akasema.

"Wewe unauza au unanunua?" nikamuuliza. Nikamgeukia mgeni. "Kama wewe unatoa nane, wengine watatoa ngapi?"

Oakley akatazama noti, akanitazama mimi, akashusha pumzi. "Mama, nitakuja kujuta, lakini ipelekeni mnadani."

Mnada ulifanyika Novemba, nasi tukausikiliza kwa simu jikoni pamoja na jirani yetu Arvilla. Elfu kumi na mbili. Kumi na tano. Lumir alikuwa amenibana mkono hadi vidole vikafa ganzi.

"Hizo ni dola?" akanong'ona.

"Hapana, magunzi," Arvilla akamjibu.

Ikasimama elfu ishirini na tatu. Baada ya dakika chache simu ikalia: Oakley, anatweta kama aliyepanda ghorofa kumi. "Ni mimi niliyeinunua. Nimeuza boti."

Lumir hakuweza kula wala kukaa. Alituingiza garini, mimi na Arvilla na aproni zetu, akauzunguka mji wote mara tatu akipiga honi, na watu wakatoka barazani kuuliza nani ameoa.