Mtoto wa Nyonga ya Kushoto

Kila asubuhi Onesmus alinyunyizia maji majani makavu ndani ya chumba cha kioo, katika hoteli moja mpya ya mtaa wa Al Jaddaf, huko Uarabuni. Nje joto lililainisha lami. Ndani mashine zilitunza baridi ya msitu wa milimani, kule kusini mwa dunia, kwa ajili ya vyura wadogo wa rangi ya udongo. Vyura hao hawaogelei. Huishi chini ya majani, na mayai yanapoanguliwa, viluwiluwi humpanda baba yao na kuingia katika vifuko viwili vilivyo nyongani mwake, wakakaa humo mpaka waote miguu. Onesmus aliwaeleza wageni jambo hilo, na wageni wakapiga picha.

Mkewe, Damaris, alifanya kazi za nyumbani Jumeirah Village Circle na kulala huko huko kwa madam wake. Alikuwa na mimba, ila sare yake ilikuwa pana. Kabla hawajasafiri, baba yake Onesmus alikuwa amepeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Damaris huko Kitui. Wazee wakala, na kwa Wakamba mambo yakawa yamekwisha. Haikuwajia akilini kwamba ndoa iliyoliwa na kijiji kizima ingehitaji karatasi.

Aliyewafungua macho ni Bi Badriya, mshonaji wa Satwa ambaye wazazi wake walitoka Unguja.

"Hospitali watakuulizeni cheti cha ndoa," alisema.

"Si tulitoa mbuzi, mama?" Onesmus aliuliza.

"Mbuzi wenu wamo matumboni mwa wazee, mwanangu. Hapa mwanamke akizaa bila cheti, yeye jela, na mtoto Mungu ndiye ajuaye."

"Na tukikitafuta sasa?"

"Kitakuwa na tarehe. Na mimba ina tarehe yake."

Mtoto alizaliwa Ijumaa, siku ya mapumziko ya Damaris, katika chumba cha nyuma cha duka la Bi Badriya. Alikuwa msichana. Upande wa pili wa ukuta mafundi wa gereji walikuwa wakizungumza, na mtoto alikuwa amekwisha kufungua kinywa alie. Onesmus akajilaza mkekani. Mtoto akatambaa juu ya paja la baba yake, akapapasa nyongani, ngozi ikafunguka, akaingia.

Bi Badriya akafuta mikono. "Kaingia upande gani?"

"Kushoto."

"Basi usilalie kushoto."

Jioni Damaris alirudi kazini, akapiga pasi shuka za madam.

Hotelini, Thamer, msimamizi wa Onesmus, aliitazama suruali yake.

"Una nini hapo?"

"Mtoto wangu, sir."

Thamer alifikiri kidogo. "Wageni wasimwone. Yalla, kazi." Kesho yake alimletea suruali pana zaidi.

Shida ilikuwa kunyonyesha. Bi Badriya hakuweza kuwapa chumba tena, kwa kuwa mwanawe aliogopa kufukuzwa nchini. Basi kila Ijumaa walikutana katika bustani ya Satwa. Damaris alijiinamisha kwenye nyonga ya mumewe, akajifunika leso, na mtoto akanyonya. Siku nyingine zote mtoto alilala tu. Hakukonda, lakini pia hakukua.

Ijumaa moja mlinzi wa bustani aliwajia. Kibandiko kifuani mwake kilisema Nick.

"Hebu achaneni kidogo, nyinyi wawili. Mnadhani hii ni Uhuru Park?"

"Ni bibi yangu, bwana," Onesmus alisema.

"Hata mimi niko na bibi, na yuko Kakamega. Mko na cheti?"

Damaris akafunga vifungo vya blauzi. Mtoto, aliyekatizwa katikati ya kunyonya, akaanza kulia ndani ya suruali. Nick alisikiliza, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja.

"Ni msichana?"

"Ni msichana."

"Mungu amlinde," Nick alisema, na alimaanisha. "Lakini kaeni mbalimbali. Kamera iko hapo juu, na mimi pia niko na mkubwa."

Wakasogea, wakaacha kati yao nafasi ya mtu mmoja. Mtoto aliendelea kulia. Damaris alitazama magari, mikono mapajani, maziwa yakilowesha blauzi yake. Walikaa hivyo mpaka ikafika saa ya yeye kurudi kazini.