Kivuli Kilichohamia Kisesa

Kwa uzio wa tatu, Josepha alikwenda Igogo, mjini, kuchagua mbao mwenyewe. Ule wa kwanza ulikuwa wa nguzo za mlingoti, na mchwa waliula kuanzia chini mpaka nguzo zikabaki zinaning'inia kwenye senyenge kama nguo zilizoanikwa. Wa pili ulikuwa wa paini. Muuzaji aliapa kwamba mbao zimetiwa dawa, lakini dawa yenyewe ilikuwa rangi tu. Mvua zilipokolea mbao zilijikunja, misumari ikachomoka, na ng'ombe wa jirani yake, mzee Ngosha, wakaingia wakala mahindi, majani ya mihogo na shuka la zahanati lililokuwa kwenye kamba.

Josepha alikuwa muuguzi wa zahanati ya hapo Kisesa, Mhaya wa Muleba. Mumewe, Projest, aliyekuwa akiendesha magari ya mgodini huko Geita, alimwambia kwa simu aachane na mbao, ajenge tofali. Josepha alimjibu kwamba uzio wa babu yake kule Muleba umesimama mpaka leo. Ubaya hauko kwenye mbao, alisema, uko kwa wanaoziuza.

Kwa hiyo alishinda asubuhi nzima kwenye banda la Nathaniel, muuza mbao, akipindua ubao mmoja baada ya mwingine. Aliutazama kwa urefu wake, jicho moja limefumbwa, aone kama umenyooka. Aliugonga akasikiliza, maana mbichi huitika kwa uvivu na mkavu hulia. Alikataa zenye vifundo vikubwa, alikataa zilizopasuka ncha, na alikataa zote zenye ule ukingo mweupe wa karibu na gome, kwa sababu mchwa huanzia hapo. Nathaniel alichoka kumfuata, akaketi. Mwishowe alimfungulia chumba cha nyuma, na humo mlikuwa na mvule mtupu, kiini kitupu, rangi ya asali iliyokaa, kila ubao na muhuri wa maliasili. Josepha aliukwaruza mmoja, ukucha wake ukakatika. Akazichukua zote.

Fundi Maige alichoma kidogo vichwa vya chini vya nguzo, akavipaka oili chafu, akazisimika juu ya kokoto ili maji yasituame. Mbao zilipigiliwa juu ya ardhi kiasi cha kiganja, zisiguse udongo. Kazi ilikwisha Alhamisi jioni, isipokuwa lango, ambalo mbao zake hazikutosha.

Ijumaa jua lilipofika utosini, uzio ulitoa kivuli. Wenyewe ulikuwa unafika kifuani, lakini kivuli chake kilifunika ua wote, paa la jiko na nusu ya njia ya mtaa. Kilikuwa na shina na matawi, na majani yake yalitikisika ingawa upepo haukuwepo. Kwenye tawi la upande wa ziwa palining'inia kivuli cha mzinga, na vivuli vya nyuki viliingia na kutoka.

Maige alikitazama, akasema mvule ni mti mkubwa, akaenda kula.

Mwanzoni Josepha aliona nafuu, maana Kisesa mchana kunachoma. Lakini siku zilivyokwenda paneli ya sola juu ya bati haikuchaji, na taa zikawa zinazimika kabla ya taarifa ya habari. Sare zake za kazi hazikukauka, akawa anakwenda zahanati akinuka unyevu. Mchicha ukarefuka, ukapauka, ukalala. Alirudi Igogo akiwa amekasirika. Nathaniel alimuuliza kama mbao zimepinda. Hazijapinda. Zimeliwa? Hazijaliwa. Basi mzigo ni mzima, alisema, kivuli hakirudishwi dukani. Akaongeza kwamba mteja wake mmoja ana kabati linalodondosha majani kila kiangazi, naye hufagia tu.

Jumatatu iliyofuata Josepha alirudi kutoka kazini akamkuta mama mmoja mtu mzima ameketi uani, chini ya kivuli, juu ya kigoda alichokuja nacho. Mbele yake palikuwa na ungo wa mchele, anachambua. Josepha alimwamkia, mama akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ungo.

"Naitwa Evelina, mwanangu. Natoka Magu. Nimefuata kivuli changu."

Josepha alivua viatu vyake, akaketi kizingitini, na Evelina akamweleza. Mvule huo ulikuwa kwenye shamba la marehemu mumewe. Wanawe wote aliwazaa katika nyumba iliyo pembeni yake, na mume akazikwa upande wa jua kuchwa, mahali kivuli kinapofika jioni. Msimu uliopita Evelina alikwenda kumuuguza binti yake hospitalini. Aliporudi alikuta kisiki. Shemeji yake, Kija, alikuwa ameuza mti, na alipoulizwa alisema mwanamke huolewa na mtu, haolewi na mti. Tangu hapo kaburi linapigwa na jua mchana kutwa, na marehemu analalamika joto. Ndipo dereva mmoja wa basi alipomwambia kwamba ameona kivuli cha mvule chenye mzinga, hapo Kisesa, hakina mti.

Josepha alimwambia azichukue mbao. Alisema kwa hasira, lakini alimaanisha. Evelina alizitazama, akamuuliza mbao azifanyie nini. Hata hivyo Maige aliitwa, akang'oa ubao mmoja wakauweka stoo, waone itakuwaje. Uani tawi moja lilitoweka na jua likapiga pale lilipokuwa, na stoo ikawa giza hata debe la mahindi halikuonekana. Maige akaurudisha ubao mahali pake.

Basi Evelina akawa anakuja kila siku kwa gari la asubuhi na kurudi kwa la jioni. Wakati wa kuja alibeba ndoo tupu yenye mfuniko. Kabla ya kuondoka aliitia kivuli kidogo, akafunika, akaenda kukimwaga kaburini. Kilikuwa hakifiki hata kifuani pa marehemu.

Jambo hilo lilimkera Josepha kuliko sola. Aliomba ruhusa kazini, akampeleka Evelina kwenye ofisi moja ya serikali, wakaelekezwa nyingine. Ofisa wa huko alikuja mwenyewe kutazama. Alikuwa mtu mpole. Aliupitia muhuri kwenye kila ubao, akakiri kivuli ni cha mvule wa zamani, tena wa Magu, akasimama ndani yake akijipepea kwa shati lake. Kisha akasema kibali kipo, muhuri upo, na sheria inatambua mbao.

"Na aliyeibiwa?" Josepha aliuliza.

"Mama, mti ulikatwa kwa kibali. Kivuli hakikuombewa kibali, na mimi sijasema kiondolewe. Nimewavumilia."

Alimwandikia Kija aje waelewane kifamilia, na Kija akaja Jumamosi kwa pikipiki, akiwa na kofia mpya. Josepha alikuwa amejiandaa kwa maneno tangu alfajiri. Kija aliingia pale ambapo lango halikuwepo, akawaamkia wote kwa adabu, akaketi kivulini kwa sababu jua lilikuwa kali. Aliomba maji. Evelina alimpa, kwa kuwa ni shemeji yake na hajui namna nyingine. Kija alikunywa, akalala chali, akatazama juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Baridi yake ni ileile," alisema. "Kaka alikuwa anapenda kulala hapa."

Josepha alimwambia yote aliyokuwa ameyaandaa: kaburi, mjane, binti aliyekuwa kitandani. Aliyasema mpaka sauti ikamkauka. Kija alisikiliza bila kumkatiza, akitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikiliza taarifa za msiba wa mbali. Alipoinuka kuondoka alisimama kwenye uwazi, akapima upana wake kwa mikono.

"Lango unatafuta, dada? Upo mvule mwingine, wa kisimani. Mkavu kuliko huu."

Josepha aliogopa kwamba akifungua mdomo atauliza kama umenyooka.

Jumanne iliyofuata alimsindikiza Evelina kituoni jioni, amemshikia ndoo. Wachuuzi wa nyanya walikuwa wamepanga mafungu yao kando ya barabara ya Magu, kila mmoja chini ya mwavuli. Lori lilikuja likielekea mjini, limebeba magogo yaliyofunikwa turubai, na kivuli chake kilikuwa kipana kuliko barabara. Kilipita juu ya soko polepole, na majani yake na viota vyake. Ubaridi uliwapitia wote. Wachuuzi walifunga miavuli yao, wakangoja kipite, wakaifungua tena.

Evelina alilitazama lori mpaka likapotea upande wa Igogo.

"Wa kisimani huo," alisema.

Gari la Magu lilikuwa limefika, kondakta anagonga bati. Evelina alichukua ndoo mkononi mwa Josepha, akavuka barabara kwenda upande wa pili, wanakosimama wa kwenda mjini, akauliza gari la Igogo ni lipi. Josepha akamwonyesha.