Kisanduku Kimoja

Jumanne saa tatu asubuhi Frida alikuwa amekwisha kujaza madodoso kumi na moja kati ya hamsini. Karakana yao ya Makole ilichapa vitu kwa mashine: unga wa plastiki ulitandazwa, ukayeyushwa tabaka baada ya tabaka, mpaka kitu kikainuka. Dodoso liliuliza mteja anapendelea unga upi. Kisanduku cha jibu kilikuwa kimoja: mweupe, laini. Tani mbili za unga huo zilikwisha kununuliwa tangu Machi.

Mwalimu Matonya aliingia akipapasa kwa fimbo. Alikuwa haoni, na alifundisha jiografia watoto wasioona huko Chamwino. Alitaka ramani kabla ya mtihani wa Novemba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nipe niguse."

Akagusa ramani nyeupe ya mfano. "Inateleza kama sabuni. Ziwa Viktoria na Mlima Meru ni kitu kimoja."

Frida akamsogezea ndoo ya unga wa kijivu, wenye chengachenga, uliokuja na mashine kama sampuli. Mwalimu alipochovya vidole, unga ulipanda mezani ukajipanga: pwani, Bonde la Ufa, Ziwa Tanganyika likiwa shimo refu. Akausoma kutoka Kagera hadi Mtwara.

"Huu. Uchomeni hivi hivi."

Bila moto ramani ilidumu dakika tisa, kisha ikarudi ndooni.

Meneja, Bwana Ambokile, alitazama hadi mwisho. "Unga umejitahidi," alisema. "Ila haumo kwenye dodoso."

"Tuongeze kisanduku," Frida alisema.

"Halafu ule mweupe ukausongee ugali?"

Akashika dole gumba la Mwalimu, akalipaka wino, akalikandamiza kwenye dodoso.

"Pameandikwaje?" Mwalimu aliuliza.

"Kwamba umeridhika," meneja alijibu.

"Kumbe. Nimeridhika uzeeni."

Yalibaki madodoso thelathini na nane, hivyo meneja akaruhusu wanafunzi waje kila Jumanne. Kila mtoto alipewa dakika zake tisa za unga wa kijivu, kisha akatia dole gumba kwenye kisanduku cha mweupe. Frida alishika kidau cha wino.

Dodoso la hamsini lilipotimia, ndoo ilifungiwa stoo. Watoto walikuwa arobaini na wawili. Wanne waliobaki walipewa ramani nyeupe, na katika mtihani wote wanne waliandika kwamba Mlima Meru una samaki.