Bega la Kazija

Kila walipopanda ngazi za daraja la wapita njia pale Xiaobei, katika mji ule wa Kichina, Khatib aliweka mkono juu ya bega la mkewe, akapanda moja, akatua, akapanda nyingine. Wafanyabiashara wenzao wa mtaa wa Dengfeng waliwapisha kwa heshima. Walisema mke ni huyu, si hawa wetu wa kuongea nao kwa simu. Kila sifa ilimchoma Kazija.

Mwaka uliopita ndiye aliyemkalimania mumewe kwa daktari. Khatib alibandikwa waya kifuani, mashine ikatoa karatasi, na daktari akaonyesha kwa kalamu mahali mstari wa moyo ulipoinuka kidogo. "Mchoro huu," alisema kwa Kichina, "katika watu wazima ishirini haukosi mmoja. Si maradhi. Aende akafanye kazi zake."

Khatib alikuwa na tiketi ya Unguja, na akishafika Unguja hukaa miezi. Kazija alikuwa amechoka kubaki peke yake na mizigo katika mji wa watu. Alifungua kinywa, na uongo ukamtoka kabla hajaupima.

"Anasema moyo una kasoro. Usipande ndege."

Alidhani ni uongo wa msimu mmoja. Masika yakipita atautengua. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kabla hajapata pa kuanzia, mama yake Khatib akaugua. Bibi wa watu alimwulizia mwanawe kila kukicha, naye akamjibu kutoka kibanda cha simu, "Nikipata nafuu nakuja, mama." Akazikwa hajamwona. Khatib alilia mapajani mwa mkewe, mkewe akambembeleza. Siku ile Kazija aliichukia mikono yake mwenyewe.

Sasa Agustino, kijana wa Moshi aliyenunua vitambaa katika soko la Zhongda, alikuwa amelala juu ya kitanda kile kile cha daktari. Kifua kilimbana tangu juzi. Khatib ndiye aliyeshikilia wamsindikize wote wawili.

"Nayajua machungu yake," alisema. "Asiende peke yake."

Daktari alikuwa yule yule. Kalamu yake ikagusa mstari, pale pale.

"Kama wangu!" Khatib alinong'ona. Akatoa mfukoni karatasi yake iliyochakaa, akaitandaza kando ya ile mpya. Daktari akazitazama zote mbili, akacheka, akasema maneno yake.

"Anasemaje, dada?" Agustino aliuliza. "Niambie tu, hata kama ni mbaya. Kontena langu linapakiwa Ijumaa."

Kazija alimfikiria mama mwingine, huko Moshi, akiulizia.

"Anasema huumwi moyo. Ni misuli, umebeba majora mazito. Mchoro huu, katika watu wazima ishirini haukosi mmoja."

"Ashukuriwe Mungu!"

Khatib hakusogea. "Na wangu?"

"Na wako."

"Hata mwaka jana?"

"Hata mwaka jana. Alisema hivi hivi."

"Mwaka jana mama alikuwa hai," Khatib alisema.

Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akaitia mkononi mwa mkewe, akatoka. Kazija alipofika barabarani, mumewe alikwishalifikia daraja. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka juu, hakupumzika, hakugeuka. Kazija alisimama chini, kiganja juu ya bega lake mwenyewe, na watu wakampita.