Aiskrimu ya Koo la Kasuku

Ting, ting. Kimya kidogo, kisha tena: ting, ting.

Giza lilikuwa bado zito chumbani, hata jogoo wa jirani alikuwa hajaikumbuka kazi yake, lakini kijiko kilikuwa kimeshaamka. Msusi alifumbua jicho moja. Tangu mtoto atoke hospitali, kijiko hicho ndicho kilichoitawala nyumba. Kikigonga kikombe mara moja, ni ndiyo. Mara mbili, hapana. Kikigonga mfululizo, maana yake njooni nyote, na atakayechelewa atajua mwenyewe.

"Unataka maji, mama?" aliuliza, akipapasa ukingo wa kitanda cha watoto.

Ting, ting.

"Uji je?"

Ting, ting.

"Sasa umeniamshia nini?"

Kijiko kikanyamaza. Hakikuwa na shida. Kilitaka tu kujua kama yupo.

Mwenye kijiko alikuwa binti yake wa pili, mwenye miaka sita, jina la nyumbani Kasuku. Jina hilo hakulipewa kwa upendeleo. Mtoto huyu aliongea akila, aliongea akioga, na akilala aliendelea palepale alipoishia. Siku ya kutolewa mafindofindo, baba yake alimnong'oneza daktari, "Mkiwa humo ndani, hamwezi kupunguza na maneno kidogo?" Wote wakacheka. Sasa ule utani ulikuwa umewatokea puani. Kasuku alirudi nyumbani mdomo umefungwa kama duka la mdaiwa. Hasemi. Akilia, analia bila sauti. Na baya kuliko yote, hamezi. Hata mate anayatema kwenye kopo kama mzee wa ugoro.

Daktari, kijana mwenye ndevu za kuhesabika, alikuwa amemwambia msusi: kidonda cha koo kinaponea kwenye kumeza, apewe vitu laini vya baridi, aiskrimu hasa. "Ila kama hadi kesho jioni hajameza kitu, mrudisheni tumlaze, tumtundikie dripu." Kasuku alisikia. Alificha mikono yote miwili ndani ya gauni.

Kesho yenyewe ndiyo ilikuwa leo.

Kulipokucha, mama mkwe wa msusi, Bibi wa watoto, alikwisha kaa jikoni. Alikuja kusaidia kuuguza, na kwa kweli alikuwa amesaidia sana kulaumu.

"Barafu kwenye kidonda! Nimezaa saba mimi, sijawahi kusikia. Mpikie uji wa moto."

"Wa jana ameutemea ukutani, mama."

"Basi hukuukoroga vizuri."

Msusi aliuma ulimi. Aiskrimu ya dukani nayo ilishajaribiwa. Ilikuwa ya rangi ya waridi, sawasawa na ile dawa chungu ya hospitali, na Kasuku aliitazama kama mtu anayetazama hongo. Huwezi kumlaumu. Kule hospitali walimwambia hatasikia chochote, akaamka na moto kooni. Tangu hapo hakuamini kitu chochote kilichotoka kwenye chombo kilichofungwa.

"Ukiona kwa macho yako tunavyoitengeneza," msusi alimwuliza, "tangu maziwa hadi kijiko, utaonja?"

Kijiko kilifikiri sana.

Ting.

Hapo ndipo ilipoanza aibu ya nyumba. Mume wa msusi alikuwa fundi wa mafriji, tena fundi kwelikweli. Mtaa mzima ulikunywa maji baridi kwa jasho lake. Lakini mganga hajigangi. Kompresa ya friji la nyumbani aliiazima siku moja akamfungie mteja, "kwa siku mbili tu," na siku hizo hadi leo hazijaisha. Ikafuata taa. Ikafuata raba ya mlango. Sasa friji lilisimama sebuleni likitunza viatu.

"Angalau havijawahi kuoza," fundi alijitetea.

"Wewe nyamaza," msusi alisema. "Nenda kwa muuza juisi, lete barafu. Na chumvi ya mawe."

"Chumvi? Kwenye aiskrimu?" Bibi alijishika kifua. "Mwanangu, mkeo anataka kutuua."

Msusi alikuwa na jibu. Kila jioni, baada ya kusuka vichwa vya watu mchana kutwa, alihudhuria darasa la watu wazima. Siku ya barafu na chumvi nusu ya darasa ilikuwa imesinzia. Yeye alikuwa macho kwa sababu alikaa dirishani, kwenye mbu. Barafu ikitiwa chumvi, mwalimu alisema, huyeyuka upesi, na ili iyeyuke huwanyang'anya joto majirani zake. Maziwa yakiwa jirani, yataganda.

"Chumvi inakaa nje ya kopo, mama. Haigusani na maziwa."

"Hayo ni ya vitabuni."

"Tutayaona ndooni."

Dada mkubwa, mwenye miaka kumi, alitwaa uongozi bila kupigiwa kura. Ndiyo maana walimwita Meneja. Alimkalisha Kasuku juu ya meza kama mkaguzi. Kila kitu kilipita mbele ya pua yake: maziwa yaliyochemshwa yakapoa, malai mazito ya maziwa, sukari, matone ya vanila. Kasuku alinusa. Ting. Kopo jipya la bati, tupu. Alilichungulia hadi chini, akaligeuza, akalitikisa. Ting. Msusi alimimina humo nusu ya maziwa, nusu akaibakiza kwenye sufuria. Kopo likaingia kwenye ndoo, barafu na chumvi zikalizunguka.

"Sasa tunalizungusha kwa mkono," msusi alisema, "huku na huku, mpaka maziwa yagande."

"Kwa mkono?" Fundi alicheka cheko la mtu mwenye vifaa. "Mke wangu, umeolewa na fundi."

Akaleta drili. Akatoboa kifuniko, akapitisha chuma, akakifunga kwenye drili kwa ustadi uliomfanya hata Bibi atikise kichwa kwa fahari. "Huyo ndiye niliyemzaa," alisema.

"Baba," Meneja aliuliza, "ina spidi ngapi?"

"Spidi ndiyo yenyewe."

Akabonyeza.

Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri mno. Kisha kopo likaruka ndooni kama lililoitwa mbinguni, likagonga dari na kurudi bila maziwa. Maziwa yalikuwa kila mahali palipostahili na pasipostahili. Fundi alibaki na drili mkononi, nyusi zikichuruzika. Bibi, ambaye alikuwa anasali jicho moja wazi, alilifumba na hilo la pili. Tone zito lilining'inia darini, likapima, likadondoka katikati ya kitambaa chake cha kichwa.

"Huyu ndiye uliyemzaa, mama?" msusi aliuliza kwa heshima zote.

"Huyu amemfuata baba yake."

Mabega ya Kasuku yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka. Lakini kicheko kilipofika kooni kilikuta kidonda, na mara uso ukakunjamana, machozi yakamtoka. Akajishika shingo. Kijiko kikagonga kwa hasira: ting, ting! Ting, ting!

Msusi alimkumbatia, na ule ucheshi wote ukamwishia. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni kama udongo. Saa sita ilishapita. Maziwa yaliyobaki yangetosha bakuli moja tu.

"Bado yapo," alimnong'oneza. "Na baba haruhusiwi kugusa."

Safari hii walizungusha kwa mkono. Msusi alianza, vidole vyake vya kusukia vikafa ganzi. Akapokea Meneja, aliyezungusha kidogo na kuamuru sana. Akapokea fundi, chini ya ulinzi. Mwishowe Bibi akasema wanamtia kichefuchefu kwa uvivu wao, akaibana ndoo katikati ya magoti akazungusha kama anayesaga nafaka ya kijiji kizima. Kila mara msusi alifunua, akakwangua pembeni, Kasuku akachungulia. Maziwa. Maziwa mazito. Kisha, jamani, kijiko kikasimama chenyewe.

Msusi alipakua bakulini, akaliweka mbele ya binti yake. Akamwekea na kijiko kidogo ndani.

"Haya, mama. Umeona kila kitu."

Kasuku alitazama aiskrimu. Alitazama kijiko. Akafumba mdomo hadi midomo ikapotea.

Ting, ting.

"Kidogo tu. Kama tone."

Ting, ting.

Nje, kivuli cha ukuta kilikuwa kimeanza kurefuka. Fundi alikwenda kimya kuchukua mfuko wenye vitu vya hospitali. Hapo Bibi akaliburuta bakuli upande wake.

"Ngoja nionje, tusije tukamlisha mtoto sumu." Akachota. Akachota tena. "Hm. Sijaelewa vizuri." Akachota donge.

"Mama!" fundi alipiga kelele. "Hiyo ni ya mgonjwa!"

"Mgonjwa hataki. Mimi nimezungusha."

Ting, ting! Ting, ting!

"Nini kinalia huko? Masikio yangu ya kizee haya," Bibi alisema, akichota.

Msusi alinyoosha mkono amnyang'anye. Bakuli lilikuwa limebaki nusu, na hakukuwa na maziwa mengine. Ndipo alipoona jicho la mama mkwe wake. Lilikuwa kavu, kali, na halikuitazama aiskrimu hata kidogo. Lilikuwa shingoni mwa Kasuku, likingoja ameze.

Mkono wa msusi ukageuka njiani. Ukachukua kijiko.

"Na mimi nionje," alisema. Akala. Ilikuwa baridi, tamu, yenye chembechembe, na hakujua lini aliwahi kula kitu kwa hofu namna hiyo. "Meneja, njoo. Baba yenu pia."

Vijiko vinne vikaingia. Bakuli likaanza kuonyesha maua yake ya chini.

Kikombe kikaanguka sakafuni. Kasuku alishuka mezani kwa makalio, akapenya kwapani mwa baba yake, akalivuta bakuli kwa mikono yote miwili. Akachota. Akaingiza mdomoni. Mashavu yalisimama, macho yakajaa maji, na shingo ile nyembamba ikapanda, ikashuka.

Akasubiri maumivu. Yalikuja, ilionekana usoni, lakini labda hayakuwa makubwa kama alivyoyatarajia, kwa maana alichota tena. Shingo ikapanda, ikashuka. Fundi aliuweka mfuko wa hospitali juu ya friji la viatu, akageukia ukuta, akaanza kufuta maziwa ukutani kwa bidii isiyo ya kawaida. Bibi alilamba kijiko chake pande zote mbili, akadai hata hivyo sukari ilizidi.

Kasuku alikwangua bakuli hadi likalia. Kisha akamgeukia mama yake, akakohoa kidogo, na kwa sauti ya kukwaruza kama ya mlinzi wa zamu, akasema:

"Bibi amekula nyingi kuliko mimi."