Barafu Juu ya Kope la Mama

Daktari aliijaza glavu ya mpira vipande vya barafu, akaifunga fundo, akamwambia mama afumbe macho. Akaiweka taratibu juu ya kope la kushoto, lile lililokuwa limening'inia miezi minne, akatazama saa.

"Dakika mbili tu, mwalimu. Usizungumze."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikaa kwenye benchi nimebana bahasha ya mwalimu mkuu mapajani. Ndani mlikuwa na onyo la mwisho kwa mama. Mama alifundisha sayansi darasa la saba. Asubuhi alizungumza vizuri, lakini ikigonga saa nane ulimi unakuwa mzito, chaki inamponyoka, macho yanamlegea. Walimu wenzake wakasema ni pombe. Wanafunzi wakambandika jina, Mama Usingizi. Na mimi, damu yake, siku moja nilikinusa kikombe chake alipokwenda kuanika nguo. Kilinuka chai. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni.

Zahanati mbili zilimpa vidonge vya kuongeza damu. Daktari huyu, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vilivyolika visigino, ndiye wa kwanza kumwuliza, "Unachoka saa ngapi?"

Glavu ikaondolewa. Mama akafumbua macho, na lile kope kaidi likapanda polepole hadi jicho zima likaonekana. Akanitazama.

"Umekonda, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nakuona wawili, sikujua yupi wa kumlisha."

Nilicheka huku machozi yananitoka.

Daktari aliiomba bahasha, akachora nyuma yake. "Neva haigusani na msuli, kama isivyogusana na neva nyingine. Katikati kuna upenyo. Ujumbe unakimbia kama umeme hadi ukingoni, halafu unavushwa na kemikali. Zako zinavuka vizuri, ila ng'ambo zinakuta milango mingi imeharibika. Kinga ya mwili wako imekosea adui. Baridi inazifanya zikawie kidogo mlangoni. Vidonge vitafanya kazi hiyo hiyo."

"Zinavuka kwa muda gani?" mama aliuliza.

"Hata kufumba na kufumbua ni kwingi."

Mama aliitazama michoro ile kwa muda mrefu. Onyo la mwisho lilikuwa ndani ya bahasha hiyo hiyo, wala hakulitoa. "Miaka kumi na tisa nawaambia watoto wa watu kwamba neva ni waya mmoja mrefu," alisema. "Itabidi niwaombe radhi."

Kope lilishuka tena kabla hatujafika duka la dawa. Ilichukua wiki sita kupata kipimo cha dawa kinachomfaa.

Siku aliyorudi kazini niliomba ruhusa shuleni kwetu nimsindikize, nikasimama nje ya dirisha la darasa lake. Kilikuwa kipindi cha mwisho, saa nane na nusu, na ubaoni alikuwa amechora neva mbili zisizogusana. Mwalimu mkuu aliingia, akakohoa, akasema ana neno kuhusu ile barua ya onyo.

Mama alimwonyesha dawati tupu la nyuma, akaendelea kufundisha. Mzee wa watu alikaa, magoti yamegonga dawati, akasikiliza mpaka kengele ikalia.